Kumi na Moja Nukta Mbili

2 Agosti

Daftari hili lilikuwa la kuandikia vipimo vya mipaka ya viwanja. Nilibaki nalo nilipostaafu, pamoja na mita ya kupimia volti, bisibisi sita na bunda zima la waya wa spika ambalo hakuna aliyeniuliza habari zake. Miaka thelathini na moja nimetengeneza vyombo vya wapima ardhi. Ofisini waliniita Bwana Nukta, kwa sababu mtu akiniambia "kama kumi na mbili hivi" nilimrudisha akapime upya. Sioni kosa langu hapo.

Sasa, kwa nini naandika. Tarehe tatu Novemba, saa tatu na dakika kumi na nne usiku, jiwe moja kubwa linaloelea huko juu litapita mbele ya nyota, na nyota itazimika kwa sekunde nne. Basi. Tumejipanga watu kumi na wawili, kila mtu na darubini yake na mahali pake. Kila mmoja akipima ilizimika saa ngapi na ikawaka saa ngapi, Mratibu wetu, mama mmoja mkali aliye mbali sana na hapa, atajua jiwe lina umbo gani. Mimi ni kituo cha saba, katikati kabisa ya mstari. Maisha yangu yote nimetengeneza vyombo wakapime wengine. Hiki ni kipimo changu mwenyewe, na jiwe hilo halitapita tena mimi nikiwa hai.

Kituo kiko kilimani, dakika arobaini kwa gari, na umeme hakuna. Mota ya kugeuza darubini, kamera, vyote vinaendeshwa na kompyuta ndogo, haizidi mche wa sabuni. Lakini ina madeko. Volti zikishuka chini ya kumi na moja inazimika bila kuaga. Kwa hiyo kila kitu kinategemea betri, na betri nimemwagiza shemeji.

5 Agosti

Shemeji ameleta betri. Huyu ndiye mume wa mdogo wangu, fundi wa betri, duka lake la mlango mmoja nyuma ya zahanati. Watu wanamwita Chaji. Amefunga seli nne ndani ya sanduku la bati, akalipiga rangi ya bluu, akaweka na mpini.

"Shemeji, hii itatuzika sote wawili," alisema huku akiipigapiga kama anasifia ng'ombe.

Mke wangu alisimama mlangoni na ufagio. "Haya, mke mwenzangu kaletewa chakula chake." Anaisema darubini. Shemeji alicheka mpaka akakohoa.

9 Agosti

Usiku wa kwanza wa mazoezi. Gari haliwezi kufika kileleni, kwa hiyo betri nimeiacha kwenye buti, nikavuta waya wa spika mita nane mpaka kwenye darubini. Kazi safi, hata mimi nilijisifu. Mita nimeitundika kwenye mguu wa darubini ili niisome bila kuinama.

Kila kitu kikiwaka: 11.2.

Nikaigeuza darubini kuelekea kwenye nyota yangu. Mota ikaanza kuguna, mita ikashuka 10.7, kompyuta ikazimika. Nikaiwasha, ikazimika tena. Mara tano. Betri mpya hiyo!

10 Agosti

Nimechaji mchana kutwa. Usiku: 11.2. Imezimika.

13 Agosti

Upepo. 11.2.

17 Agosti

Nimemrudishia. Shemeji akaiweka kwenye benchi akaunganisha taa kubwa ya gari, akaiacha iwake.

22 Agosti

Ameirudisha mwenyewe kwa baiskeli. Anasema taa iliwaka usiku mzima na betri haikutetereka. "Ni nzima, shemeji." Nikamwonyesha daftari, usiku mmoja baada ya mwingine, kumi na moja nukta mbili. Akalitazama kwa muda, akajikuna shingo.

"Nije siku moja nione unavyoifunga?"

Nikamwambia sihitaji mtu wa kunifundisha kuunganisha nyaya mbili. Akacheka, akanywa maji, akaenda zake. Huyu mtu siku zote anacheka. Miaka kumi na tisa nilidhani ni upole. Siku hizi naona ni namna ya kukwepa kujibu.

26 Agosti

11.1. Inazidi kufa.

30 Agosti

Leo nimekasirika nikaenda dukani kwake na betri mkononi. Walikuwepo wateja wanne. Nikaitua juu ya benchi kwa kishindo nikasema seli hizi ni za kuokoteza, na kama kunipa mimi takataka haoni haya, hao wengine je?

Hakupandisha sauti. Alifuta mikono kwa kitambaa, akauliza, "Shemeji, unapimia wapi?"

"Kwenye mita," nikamjibu. "Wewe huwa unapimia kwenye kiganja?"

Watu waliangua kicheko. Mmoja akaniambia kweli wewe ni Bwana Nukta. Yeye alitabasamu kidogo tu, akainama kuokota bisibisi iliyokuwa imeanguka. Nilirudi nyumbani nimechangamka, nikamsimulia mke wangu. Hakucheka. Aliniuliza jibu la swali la shemeji lilikuwa nini hasa. Nikamwambia hilo ndilo jibu.

Betri nimeondoka nayo. Sitamwachia aipake rangi nyingine.

6 Septemba

Muuguzi mkuu wa zahanati alinisimamisha barabarani. Wanataka betri za kuendesha friji za chanjo umeme unapokatika, seti nane, na kazi walikuwa wampe Chaji. Lakini amesikia maneno. "Wewe ni mtu wa vipimo na ni ndugu yake. Niambie ukweli, betri zake zinafaa?"

Ningeweza kusema sijui. Nilichofanya ni kwenda nyumbani kuchukua daftari hili. Nikamfungulia kurasa. Alisoma tarehe zote kwa kidole, akashusha pumzi.

"Chanjo za watoto hizi," akasema. "Siwezi kubahatisha."

Nilimwambia hata mimi nisingebahatisha. Naiandika hapa ili ijulikane kwamba sikusema kwa chuki. Nilisema kilichopimwa.

8 Septemba

Mawingu. Sikupanda.

14 Septemba

Mdogo wangu amekuja, hakuvua hata mtandio.

"Kaka, umesema nini zahanati?"

"Nimeulizwa, nimejibu."

"Umejibu nini?"

Nikamwambia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akiitazama darubini pale pembeni imefunikwa shuka. Akasema ile kazi ndiyo waliyokuwa wakiisubiri tangu mwaka juzi, kwamba mumewe alikwisha kukataa kazi nyingine kwa ajili yake. Akasema na wateja wa kawaida nao wameanza kupita mbali na duka. "Mtu akisemwa na adui yake atajitetea. Akisemwa na shemeji yake atasema nini?"

Nikasema ukweli hauna shemeji. Akanyanyuka akaondoka. Mke wangu amelala chumba cha watoto.

21 Septemba

11.2. Nimegundua nikiigeuza darubini polepole sana, kompyuta inavumilia. Pengine nitapona hivyo hivyo.

23 Septemba

Nasikia shemeji amechukua kazi kwenye kampuni ya minara ya simu. Anabadilisha betri chini ya minara, na taa nyekundu kule juu. Ana miaka hamsini na mbili, na goti lake la kushoto hulia akipanda ngazi ya kwangu yenye vidato vitatu. Nilimwambia mke wangu huo ni ukaidi. Aliendelea kukunja nguo.

30 Septemba

Ameanguka.

Jana asubuhi, mita sita. Wanasema mkanda ulikuwa umefungwa, lakini alikuwa anahama kutoka ndoano moja kwenda nyingine. Nimetoka hospitali sasa hivi. Uti wa mgongo. Daktari alizungumza na mdogo wangu koridoni, nami nilisimama hatua tano nyuma kwa sababu nilipokaribia mdogo wangu alinyoosha mkono kunizuia, bila hata kugeuka. Nilisikia "miguu" na nikasikia "hapana."

Nilimwona shemeji kupitia mlangoni. Mtu aliyekuwa akijaza mlango mzima anaonekana mfupi. Nilibaki nimeshika kofia kama mwizi anayesubiri kuitwa.

1 Oktoba

Sikuandika kitu. Nimefungua daftari tu.

8 Oktoba

Wamemrudisha nyumbani. Wamempa godoro la hewa, lile lenye mashine inayojaza na kupunguza ili mgongo usioze. Likikosa umeme linanywea, analala juu ya mbao. Tayari ana kidonda kimoja, kilianzia huko huko hospitali.

Mratibu ameandika kutuuliza kila kituo kama kiko tayari. Nimejibu: kituo cha saba, tatizo ni betri. Nimenunua nyingine mjini, ya dukani, yenye karatasi zake.

11 Oktoba

Betri mpya, ya dukani, yenye karatasi zake: 11.2. Mota ilipozunguka, kompyuta ikazimika.

Nimerudi nikamwambia mke wangu wafanyabiashara wote ni wezi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Betri mbili, watu wawili, na nambari ni ile ile?"

Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa jina lake. "Baba, ulikuwa unapimia wapi?"

12 Oktoba

Nimeamka alfajiri nikapanga kila kitu uani, kama kule kilimani. Sanduku la bluu la shemeji upande huu, waya mita nane, darubini upande ule. Nikawasha vyote.

Kwenye darubini: 11.2.

Nikatembea mita nane. Nikakosa kushika ncha mara mbili.

Kwenye betri: 13.1.

Nikarudia. 13.1. Nikarudia mara ya tatu kama nilivyowarudisha vijana wa ofisini miaka yote ile. 13.1. Waya ule mwembamba, waya wa spika wa bure, ulikuwa unakula karibu volti mbili njiani. Betri haikuwahi kuwa na kosa, hata usiku mmoja. Sikuwahi hata mara moja kuinamia buti la gari nikapima penyewe, kwa sababu mita ilikuwa imetundikwa pazuri na sikutaka kuinama.

Nimerudia kusoma kurasa hizi tangu mwanzo. Ile ya tarehe thelathini Agosti niliyoandika nikicheka. Aliniuliza mbele ya watu wanne na swali lake lilikuwa jibu lote. Nilikaa chini pale uani juu ya vumbi. Mke wangu alikuja akakaa karibu, akanishika bega, hakusema "nilikwambia." Afadhali angesema.

13 Oktoba

Nimekwenda. Mdogo wangu aliniruhusu kwa kichwa tu. Shemeji amelala chumba cha mbele, mashine ya godoro inapumua chini ya kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanikimbia.

"Shemeji, ni waya."

Alinitazama. "Waya gani?"

"Wa spika. Mita nane."

"Wa spika!" Akaanza kucheka, kile kicheko chake, lakini sasa hakina nguvu ya kutoka tumboni, kinaishia shingoni. Akacheka mpaka machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, na hana namna ya kujigeuza ayafute. "Kwenye betri yenyewe ilikuwa ngapi?"

"Kumi na tatu nukta moja."

"Nilijua," akasema. "Nilijua ni nzima." Akafumba macho. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyepewa matokeo mazuri ya hospitali.

Mdogo wangu alikuja kuuliza kinachochekesha. Nikamweleza, nimesimama, yote, na zahanati pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akamfuta mumewe machozi kwa ncha ya mtandio, kwanza sikio hili, halafu lile.

"Kaka," akasema, "nenda nyumbani kwako."

15 Oktoba

Nimekwenda kwa muuguzi mkuu kusahihisha. Friji zimekwisha kufungwa betri za mtu mwingine, zinafanya kazi vizuri. Akanisikiliza, akavua miwani. "Nilikuuliza wewe kwa sababu wewe hukosei," akasema. Nikamwomba walau awaambie watu. Akaniambia nianze mimi.

Nimeanza. Nimekwenda kwa wale wateja wanne, mmoja mmoja. Wawili walinionea huruma, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mmoja alisema duka si limefungwa lakini, sasa inasaidia nini?

19 Oktoba

Nimenunua waya mnene, mita moja na nusu. Betri ya bluu nimeibeba mgongoni mpaka kileleni. Ile ya dukani nimemrudishia mwenye duka mjini. Kwenye betri 13.1, kwenye darubini 13.0. Kompyuta haikutikisika usiku mzima. Nikamwandikia Mratibu: kituo cha saba kiko tayari.

24 Oktoba

Mvua, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Umeme unakatika kila inaponyesha.

28 Oktoba

Mvua. Mke wangu ametoka kwa shemeji. Vidonda vyake sasa ni viwili.

3 Novemba

Nataka kuandika hii kwa utaratibu, kama kipimo.

Mvua ilikatika saa tisa mchana, na jioni mbingu zikawa safi kama zimeoshwa. Saa moja na nusu nilikuwa kileleni. Saa mbili kila kitu kilikuwa kinawaka. Nyota ilikuwa katikati ya picha, nukta nyeupe, imetulia. Kwenye betri 13.1.

Saa mbili na dakika ishirini mke wangu alipiga simu. Yuko kwa mdogo wangu. Umeme umekatika tangu asubuhi. Godoro limenywea. Jenereta ya jirani imegoma, na betri za duka zilikwisha kuuzwa. Wamemgeuza kwa mikono mchana kutwa, wawili tu, na sasa vidonda vinatoa damu na yeye ameanza kutetemeka kwa homa. "Mdogo wako amenikataza nisikupigie," akasema. "Nimetoka nje ndiyo ninakupigia."

Nikamuuliza, je, saa moja zaidi? Kisha akasema, "Wewe ndiye mwenye mita."

Nilisimama pale. Nilipiga hesabu zote. Kutoka pale mpaka nyota izimike ni dakika hamsini na nne. Mtu aliyelala juu ya mbao tangu asubuhi, saa moja zaidi itambadilishia nini? Nilijiambia hivyo, na hesabu ilikuwa inakubali. Nilisimama dakika kumi na moja. Naziandika kwa sababu zilikuwepo, na nimekwisha kuandika humu mambo mengi yaliyonipendeza.

Saa mbili na dakika thelathini na moja nilichomoa waya. Kompyuta ikazimika bila kuaga.

Nikabeba sanduku la bluu kifuani nikashuka. Njiani niliitazama saa mara nyingi, nisidanganye. Mdogo wangu alifungua mlango na kibatari mkononi, akaniangalia mimi, akaangalia sanduku. Alitambua rangi.

"Weka pale," akasema.

Saa tatu na dakika kumi na nne nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya kitanda, nimeng'ata tochi, ninaunganisha waya wa betri kwenye tundu la volti kumi na mbili la mashine. Mashine ikakohoa, ikaanza kupumua. Godoro likapanda polepole, na juu yangu nikasikia shemeji ameachia pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa amekaza meno tangu asubuhi.

Nikatoa mita. Akasikia mlio wake.

"Umepimia wapi?" akauliza kule juu.

"Kwenye betri, shemeji."

"Na kwenye mashine?"

Nikapima na kwenye mashine.

5 Novemba

Vituo kumi na kimoja vimepata kipimo. Mratibu anasema umbo la jiwe limejulikana, isipokuwa katikati, pana pengo. Ametuma fomu. Iko sehemu ya kueleza sababu ya kituo kukosa kipimo, na ameijaza yeye mwenyewe kwa kunisaidia, kutokana na barua zangu za nyuma: "betri mbovu."

Nimefuta. Nimeandika: "Betri ilikuwa nzima siku zote. Aliyeitengeneza ni fundi. Mpimaji ndiye aliyekosea."

9 Novemba

Homa haijashuka. Umeme umekatika tena. Nimekwenda jioni na mita. Mdogo wangu alinifungulia akasema, "Pima. Usimwongeleshe, amelala."

Hakuwa amelala, aliniuliza napimia wapi.

Kwenye betri 12.9. Kwenye mashine 12.8.

10 Novemba

Kwenye betri 13.1. Kwenye mashine 13.0. Leo shemeji hakuuliza.